Ini linaifanyia nini dawa ya malaria inayotokana na artemisia?

Msomaji mmoja ameandika: "Shikamoo mtaalamu. Nasikia dawa mseto ya malaria inatokana na mmea wa artemisia. Kuna wanaosema kwa kuwa asili yake ni mmea, ini haliihangaikii, inapita tu. Wengine wanasema inaisha mwilini ndani ya saa chache. Ukweli ni upi? Na kama inaisha haraka hivyo, mbona tunaimeza siku tatu tu na si wiki nzima? Nauliza kwa sababu mdogo wangu yuko kwenye dawa za kifua kikuu, na juzi amepimwa akakutwa na malaria."

Marahaba. Nianze na la haraka. Mdogo wako amweleze daktari anayemtibu malaria, leo hii, kwamba anatumia dawa za kifua kikuu, na amtajie majina yake au amwonyeshe vidonge vyenyewe. Kama ameshaanza dozi ya malaria asiikatishe kwa uamuzi wake, ila aende. Sababu nitaieleza kwa kirefu, na itaeleweka vizuri zaidi tukishaona ini linafanya nini na dawa hii.

Sasa hilo la asili. Ini halina njia ya kujua kama molekuli imetoka kwenye jani au kwenye mtungi wa maabara. Linachokutana nacho ni umbo: molekuli ni kubwa kiasi gani, inayeyuka kwenye mafuta au kwenye maji, ina pembe gani ambayo kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kinaweza kuishika. Tena mimea ndiyo yenye ustadi mkubwa wa kutengeneza sumu, kwa kuwa haiwezi kumkimbia anayeila. Artemisinini, kiini chenyewe tunachokizungumzia, hutengenezwa na kuhifadhiwa ndani ya vinyweleo vidogo vyenye tezi juu ya majani ya Artemisia annua, na ina uwezo wa kudumaza mimea mingine. Wanasayansi wengi wanaona kwamba vimeng'enya vyetu vya ini vilipata upana wake wa kazi kutokana na mamilioni ya miaka ya wanyama kula mimea yenye kemikali za namna hiyo. Kwa hiyo ukisema ini haliihangaikii dawa ya mmea, umegeuza mambo juu chini. Kuhangaikia kemikali za mimea ni sehemu ya kazi yake ya tangu kale.

Ukimeza kidonge, dawa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba na kuingia katika mshipa mkuu unaoelekea kwenye ini, kabla haijafika kwenye moyo wala ubongo. Ini la mtu mzima hupitisha takriban lita moja na nusu ya damu kila dakika, na karibu robo tatu ya damu hiyo hutoka moja kwa moja kwenye utumbo na viungo vya jirani. Maana yake dawa hukaguliwa kabla haijasambaa mwilini. Baadhi ya dawa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake katika mapito hayo ya kwanza tu, na jamii ya artemisinini ni mojawapo.

Wanaofanya ukaguzi huo kwa sehemu kubwa ni kundi la vimeng'enya liitwalo sitokromu P450. Jina hilo lilitolewa mwaka 1962 na Wajapani wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, kwa sababu kimeng'enya hiki kikiungana na monoksidi ya kaboni hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450. Binadamu ana jeni 57 zinazotengeneza vimeng'enya vya ukoo huu, na kila kimoja kina namba yake: CYP3A4, CYP2B6, CYP2A6 na kuendelea. Vimejipachika kwenye utando uliokunjamana ndani ya seli za ini. Katikati ya kila kimoja kuna atomu ya chuma, na kazi yake ya kawaida ni kuchukua oksijeni tunayovuta, kuigawa, na kupachika atomu moja ya oksijeni hiyo kwenye molekuli ya dawa. Molekuli iliyokuwa inapenda mafuta huanza kupenda maji. Kisha kundi jingine la vimeng'enya, linaloitwa UGT, huja na kuigandishia asidi ya glukuroniki, ambayo ni jamaa wa sukari ya damu. Ikifika hapo dawa huwa nyepesi kutoka kwa mkojo au nyongo.

Turudi kwa artemisinini. Molekuli hii ilitengwa mwaka 1972 nchini China na kikundi cha Tu Youyou, ndani ya mpango wa siri wa serikali ulioanza tarehe 23 Mei 1967 na kuitwa Mradi 523, na mwaka 2015 kazi hiyo ikampa Tu Youyou Tuzo ya Nobel ya tiba. Ndani yake kuna daraja la atomu mbili za oksijeni zilizoshikana, yaani peroksidi. Daraja hilo ndilo dawa. Kimelea cha malaria hula haemoglobini ndani ya chembe nyekundu ya damu, na katika kula huko huachia chuma kwa wingi. Chuma hicho huvunja daraja la peroksidi, na vipande vikali vinavyotokea huunguza protini za kimelea kila upande. Ondoa daraja, na molekuli iliyobaki haimdhuru kimelea tena.

Ini ndilo linalofanya hivyo. CYP2B6 ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi, ikisaidiwa na CYP3A4. Mabaki ya artemisinini yanayopatikana kwa mtu aliyeimeza, kwa mfano deoksiartemisinini, hayana tena daraja la peroksidi. Ni molekuli zinazofanana sana na ile ya awali kwa sura, lakini kwa kimelea ni sawa na maji. Na kazi hii ini huifanya haraka, kwa hiyo wale waliokuambia inaisha ndani ya saa chache wako sahihi.

Jambo linalonivutia zaidi katika habari hii yote ni kwamba artemisinini huharakisha kuvunjwa kwake yenyewe. Ndani ya seli za ini kuna protini zinazohisi kemikali ngeni, na mbili muhimu huitwa CAR na PXR. Artemisinini ikizigusa, protini hizo huenda kwenye jeni na kuamuru CYP2B6 na CYP3A4 zitengenezwe kwa wingi zaidi. Matokeo hayaonekani siku ya kwanza, kwa sababu kutengeneza kimeng'enya huchukua muda. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, ini linakuwa na vimeng'enya vingi kuliko lilivyoanza, na dozi ileile huacha dawa kidogo na kidogo zaidi kwenye damu. Watu wazima wenye afya walipopewa miligramu 500 za artemisinini kila siku kwa siku saba, kiasi cha dawa ambacho damu ilipata siku ya saba kilikuwa karibu moja ya tano tu ya kile cha siku ya kwanza. Kidonge kilekile, mtu yuleyule. Kilichobadilika ni ini.

Nadhani umeshaanza kuona jibu la swali lako la wiki nzima. Kuendelea kumeza artemisinini peke yake kwa siku nyingi ni kufuata kitu kinachopungua kila ukikisogelea. Lakini hiyo si sababu yote, wala si sababu kuu ya dozi kuwa siku tatu. Kuna jambo la kuweka sawa kwanza.

Dawa mseto unayoipata kwa kawaida haina artemisinini yenyewe. Wanakemia waliibadilisha kidogo wakapata watoto wake: artemeta, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kidonge kinachochanganywa na lumefantrini, na artesuneti, ambayo hutumika sana kwa sindano. Hizi mbili zinageuzwa mwilini kuwa kitu kimoja, dihidroartemisinini, ambacho nitakiita DHA. DHA bado ina daraja lake la peroksidi na inaua vimelea kwa nguvu kubwa. Artemisinini ya mmea yenyewe haigeuki kuwa DHA mwilini mwa binadamu, na ndiyo moja ya sababu huwezi kuhamisha hesabu za kidonge kuzipeleka kwenye chai ya majani. Sababu nyingine ni kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji na kiasi chake hutofautiana sana kati ya mmea na mmea. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani au chai ya artemisia kutibu au kuzuia malaria, na mimi nakubaliana nalo kabisa: dozi pungufu humwacha mgonjwa na vimelea, na humpa kimelea nafasi ya kuizoea dawa.

Kwa artemeta, ini lina nafasi ambayo watu wengi hawaitegemei. CYP3A4 na wenzake, badala ya kuiua dawa, huondoa kipande kidogo cha metili na kuacha DHA. Kwa maneno mengine, ini linakamilisha dawa. Na kwa kuwa artemeta nayo huamsha vimeng'enya hivyohivyo, uwiano wa vitu viwili hivi hubadilika dozi zikiendelea. Baada ya dozi ya kwanza ya mseto wa artemeta na lumefantrini, damu hupata artemeta kuzidi DHA kidogo, uwiano wa 1.2. Baada ya dozi ya sita, siku ya tatu, uwiano huo umeshuka hadi 0.3. Artemeta imepungua, lakini DHA haikupungua. Kuamshwa kwa vimeng'enya, ambako kwa artemisinini ni hasara tupu, kwa artemeta sehemu yake inarudi kama dawa kali zaidi.

Artesuneti inakwenda kwa njia fupi kuliko zote. Haihitaji kusubiri sitokromu. Ikiingia kwenye mshipa, vimeng'enya vingine vinavyokata esta, vilivyomo hata kwenye damu, huigeuza kuwa DHA ndani ya dakika chache. Kwa mtu aliyezidiwa na malaria kali, anayetapika au asiyejitambua, ambaye utumbo wake haufyonzi kitu cha kuaminika, hilo ni jambo la uhai na kifo.

DHA nayo haidumu. Vimeng'enya vya UGT, hasa UGT1A9 na UGT2B7, huishika na kuigandishia asidi ya glukuroniki, na kila baada ya saa moja au mbili hivi nusu ya iliyokuwepo kwenye damu huwa imekwisha. Mtu akimeza saa mbili asubuhi, ikifika jioni karibu yote imeondoka.

Sasa siku tatu. Kimelea cha Plasmodium falciparum huzaliana ndani ya chembe nyekundu kwa mzunguko wa takriban saa 48. Dawa za jamii hii hupunguza idadi ya vimelea kwa karibu mara elfu kumi kwa kila mzunguko, kasi ambayo dawa nyingine za malaria haziifikii. Ndiyo maana homa hushuka mapema. Lakini mgonjwa anaweza kuwa na mabilioni ya vimelea, na kwa walio hoi hata zaidi ya hapo. Siku tatu zinagusa mizunguko miwili, na bado wanaweza kubaki vimelea maelfu. Hao wanahitaji kitu kinachokaa.

Hapo ndipo lumefantrini inapoingia. Hii si ya mmea, ilitengenezwa maabara. CYP3A4 ileile inaivunja, lakini polepole mno: nusu yake huchukua siku 3 hadi 6 kuondoka. Artemeta inafanya mauaji ya haraka na kutoweka, lumefantrini inabaki ikisafisha waliosalia siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo unameza siku tatu, lakini tiba inaendelea zaidi ya siku tatu. Dozi sita za mseto huo zimepangwa hivi: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Anayeacha siku ya pili kwa sababu homa imeshuka amekatisha hasa ile sehemu inayomkinga malaria isirudi, kwa kuwa lumefantrini inahitaji dozi zote ili ifike kiwango chake. Pia imezwe na chakula chenye mafuta. Kwa watu wenye afya waliokula mlo wenye mafuta mengi, ufyonzaji wa lumefantrini uliongezeka mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu, na wa artemeta mara mbili. Nimeona wagonjwa wengi wanaofuata saa vizuri kabisa lakini wanameza na maji matupu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia umuhimu wa mafuta.

Maini hayafanani. Jeni ya CYP2B6 ina umbo moja, linaloitwa *6, ambalo linapatikana kwa watu wengi, hasa wenye asili ya Afrika, na hufanya kimeng'enya hicho kifanye kazi polepole. Lilijulikana zaidi kupitia dawa ya virusi vya ukimwi, efavirenzi, ambayo kwa wenye jeni hiyo hurundikana kwenye damu na kuleta kizunguzungu na ndoto kali. Mjamzito katika miezi ya katikati na ya mwisho huwa na CYP3A4 iliyochangamka, na viwango vya artemeta na lumefantrini kwake huwa chini kuliko kwa wengine. Ugonjwa wenyewe pia hubadilisha mambo. Kwinini, dawa nyingine ya mmea ambayo CYP3A4 huivunja, kwa mtu mwenye afya huondoka nusu kwa takriban saa 11, lakini kwa mwenye malaria muda huo hurefuka, kwa kuwa ini la mgonjwa hufanya kazi kwa uzito. Juisi ya balungi huzima CYP3A4 iliyomo kwenye ukuta wa utumbo na karibu huongeza maradufu artemeta inayoingia kwenye damu. Usiichukue hiyo kama mbinu. Kiasi cha kemikali zinazofanya hivyo hakitabiriki, na lumefantrini ikizidi ina athari kwenye mapigo ya moyo.

Je, dawa hizi zinaliumiza ini? Kwa dozi ya siku tatu iliyoandikwa na mtaalamu, ini la mtu wa kawaida huimudu. Ila neno "asili" lisikupe usingizi. Mwaka 2009 kituo cha Marekani cha udhibiti wa magonjwa, CDC, kiliripoti mgonjwa katika jimbo la Washington aliyepata homa ya ini baada ya kutumia kirutubisho cha mitishamba chenye artemisinini ambacho alikinywa kwa sababu isiyohusiana na malaria. Na kuna mimea ambayo ini lenyewe ndilo huifanya kuwa sumu: alkaloidi za pirolizidini, zinazopatikana katika magugu mengi, huingia mwilini zikiwa na madhara madogo, kisha CYP3A4 ikizigeuza hutoa kemikali kali inayoharibu mishipa midogo ya ini na kuiziba. Kimeng'enya kilekile kinachotupa DHA kutoka kwa artemeta. Kikipewa molekuli nyingine, matokeo ni mengine kabisa.

Nimefika kwa mdogo wako. Kati ya dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, na hii ndiyo dawa inayoigusa PXR kwa nguvu kuliko karibu dawa zote tunazozitumia. Ile amri ya kutengeneza vimeng'enya ambayo artemisinini huitoa kwa siku chache, rifampisini huitoa kila siku kwa miezi. Mtu aliyeko kwenye rifampisini ana ini, na hata ukuta wa utumbo, uliojaa CYP3A4, pamoja na CYP2B6 na UGT zaidi ya kawaida. Kila mlango niliouelezea hapo juu umefunguliwa kwa pamoja. Kwa wagonjwa waliotumia rifampisini pamoja na mseto wa artemeta na lumefantrini, artemeta kwenye damu ilipungua kwa asilimia 89, DHA kwa asilimia 85 na lumefantrini kwa asilimia 68. Kubadilishwa kwa artemeta kuwa DHA hakusaidii hapa, kwa sababu DHA inafutwa mara inapotokea. Ndiyo maana maelekezo ya dawa hiyo yanakataza kuichanganya na rifampisini. Efavirenzi nayo inashusha viwango vya mseto huu, ingawa si kwa ukali huo, kwa hiyo kama anatumia ARV azitaje pia.

Asijaribu kuongeza idadi ya vidonge kwa hesabu zake. Asiache rifampisini ili "kuipisha" dawa ya malaria: vimeng'enya vilivyoongezeka huchukua takriban wiki mbili kurudi kawaida, kwa hiyo kuacha siku mbili hakutasaidia malaria, na kukatisha dozi ya kifua kikuu kuna hatari yake kubwa. Asikimbilie kwinini akidhani ni salama zaidi, kwani rifampisini huishusha nayo. Daktari ndiye atakayechagua dawa kwa kuangalia uzito wake, hali yake, na dawa zote anazotumia, na kama ana dalili za hatari atalazwa apewe artesuneti ya mshipa chini ya uangalizi.

Kitu kimoja mnachoweza kukifanya nyumbani ni kuhesabu siku. Malaria ambayo dawa haikuimaliza mara nyingi hurudi ndani ya wiki nne. Andikeni tarehe aliyoanza matibabu, na homa, maumivu ya kichwa au uchovu usio wa kawaida ukitokea ndani ya siku 28, arudi akapimwe damu kwa darubini, na amkumbushe anayempima kwamba yuko kwenye rifampisini. Kipimo cha haraka cha kuchoma kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata vimelea wakiwa wamekufa, kwa sababu hutafuta protini yao inayobaki kwenye damu, kwa hiyo kwa yeye darubini ndiyo itakayotoa jibu.